Maestro na Kompyuta Isiyopiga Kelele

Maestro hakununua kitu kabla ya kukisikiliza. Sufuria aliigonga kwa ukucha. Kitanda alikilalia na kugeuka mara mbili mbele ya muuzaji. Baiskeli aliipindua, akazungusha gurudumu, akafumba macho. Siku moja katika soko kuu alimrudishia mama mmoja kuku wake, akisema kuku huyo anapumua vibaya, na yule mama akamtukana mbele ya watu wote. Wiki iliyofuata kuku wake wote walikufa kwa kideri. Maestro hakwenda kumcheka wala kumpa pole. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu ya kukaa naye: karibu kila mara ukweli ulikuwa upande wake.

Naandika habari zake nikiwa bado na hasira, na nasema mapema ili msomaji asingoje sifa. Tulimwita Maestro kwa kuwa aliongoza kwaya ya parokia yetu hapa Kisangani. Mchana alifundisha hisabati kwenye shule ya sekondari. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji kwa sababu ana watoto, na watoto hawakunikosea.

Aliyenikosea ni yeye: alinikosesha mdogo wangu, Kavira. Kavira aliimba katika kwaya ile tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Mama yetu alipofariki, alimtungia wimbo kwa Kinande, lugha ya nyumbani kwetu, beti nne. Bibi yetu mzaa mama, koko kama tulivyomwita, alikuwa Butembo, macho yamekwisha, na vita vilikuwa vimekata barabara, hivyo hakuweza kuja kumzika binti yake. Alituma ujumbe kwa wafanyabiashara wenzake papa, baba yetu: mnitumie sauti ya yule mtoto akimwimbia mama yake. Hakuomba kingine. Kuisafirisha haikuwa kazi, kwani papa aliuza chumvi, sabuni na vitenge kwa jumla, na mizigo yake ilikuja na kwenda kwa ndege pale uwanja wa Simi-Simi. Alihitajika mtu wa kurekodi tu. Maestro akasema atarekodi yeye, tena kwa kompyuta, kama wanavyofanya wazungu majumbani mwao. Kisha akatumia miaka miwili kuchagua kompyuta. Leo sina hata sekunde moja ya sauti ya mdogo wangu.

Elimu yake yote ya kompyuta aliitoa kwenye katoni ya magazeti. Padri mmoja mzee, aliyependa kinanda, alirudi kwao vita vilipoanza na kumwachia katoni hiyo: magazeti ya Kifaransa ya watu wanaojitengenezea studio chumbani. Maestro aliyasoma mpaka kurasa zikalegea. Alijua kazi ya prosesa, alijua memori, alijua ni kadi gani ya sauti inayofaa kupokea maikrofoni na ni ipi ya kupigia milio ya michezo tu. Alianza kutufundisha mambo hayo baada ya mazoezi ya kwaya, kwa chaki, ubaoni. Dakika moja ya sauti safi inakula megabaiti kumi, alisema, kwa hiyo usiniletee diski ndogo. Memori ikipungua, sauti inakatika katikati ya neno. Diski inayozunguka haraka ni nzuri kwa kazi, lakini inapiga mluzi. Aliongea hivyo karibu miezi sita kabla ya kuigusa kompyuta hata moja kwa mkono wake. Tulikuwa tunakohoa kwa njaa, nje askari wa nchi mbili za kigeni wanazunguka mji wetu kana kwamba ni shamba lao, na sisi tumekaa kwenye mabenchi tunanakili megabaiti.

Sikatai kwamba alikuwa mwalimu. Mpaka leo, mtu akiniuliza anunue kompyuta gani ya kurekodia, najibu kwa maneno ya Maestro bila kufikiri. Anza na kelele, kisha mwendo. Kadi ya sauti kwanza, kioo mwisho, maana kioo hakiimbi. Maikrofoni moja ya maana kuliko nne za kubabaisha. Maneno hayo yamenikaa kichwani hata ninapotaka kuyatapika.

Mashini yenyewe ilipatikana kwa bahati. Shirika moja la misaada lilifunga ofisi na kuuza vitu vyake, na papa akachukua kompyuta nzima, mnara na kioo, akaipakiza kwenye toleka, yaani teksi ya baiskeli, ambayo ndiyo ilikuwa gari letu sote wakati huo. Dereva alikuja akiisukuma kwa miguu mpaka nyumbani kwa Maestro, Kabondo, na nusu ya kwaya inamfuata. Ilikuwa siku ya furaha. Mama Maestro, mke wake, alipika lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa Wagenia, wavuvi wa mtoni. Maestro hakula. Aliwasha, akainua mkono kama anavyofanya kabla ya wimbo, na kuweka sikio kwenye ubavu wa mashini.

"Munyamaze kidogo," akasema. "Musikie namna iko napumua."

Tukasikiliza. Ilivuma, kusema kweli. Feni yake ilikuwa imekula vumbi la miaka.

"Hii iko nakoroma. Mutoto akiimba pole, tutarekodi mashini. Hatutarekodi mutoto."

Basi shughuli ikaanza upya. Alifungua feni, akaipaka mafuta ya mawese yaliyochujwa kwa kitambaa, ikanyamaza siku mbili halafu ikakoroma zaidi. Akatoa feni ya redio kubwa akaiweka. Mashini ikapata joto ikazimika. Mwishowe alitoboa ukuta. Mnara aliuweka chumbani kwake kando ya kitanda, nyaya zikapita kwenye tundu, na kioo na maikrofoni vikabaki sebuleni ambako mwimbaji angesimama. Lilikuwa wazo zuri sana, nakiri. Mama Maestro aliniambia kwamba ameolewa miaka ishirini na hajawahi kulala na mke mwenza, sasa amepewa mmoja wa chuma. Alisema hivyo akicheka mwenyewe. Niliona mwisho umekaribia, nikamwambia Kavira atengeneze sauti.

Haikuwa mwisho. Kadi ya sauti iliyokuja na ile mashini, akasema, ni ya kupigia muziki, siyo ya kuupokea. Sauti yake ina mchanga. Aliandika kwenye karatasi, kwa Kifaransa na kwa mwandiko wa ubaoni, kadi aliyoitaka: aina ya tundu, aina ya plagi, vyote. Rafiki wa papa, tuliyemwita tonton, yaani mjomba, alikuwa anakwenda Dubai kununua bidhaa. Karatasi ikasafiri naye. Miezi minne baadaye kadi ilifika Simi-Simi ndani ya marobota ya vitenge, baada ya kupita nchi tatu na vizuizi ambavyo sivihesabu, kila kizuizi na askari wake mwenye mkono mrefu. Haikuibiwa. Papa aliipeleka yeye mwenyewe kwa Maestro, amevaa koti.

Maestro akasoma maandishi ya kwenye boksi, mbele na nyuma. Akalifunga.

"Hii iko ya muchezo, papa Masika. Ya watoto kupiga bunduki mu kioo. Haiko ya kurekodi. Tuirudishe."

Masika ni mimi, na papa alikuwa mtu mpole. Aliketi, akavua kofia. "Maestro," akasema, "ndege ya Dubai haiko toleka, unaambia muntu ageuze hapo kwenye kona."

Ikarudi. Ndiyo, papa aliirudisha, kwa sababu Maestro ndiye aliyemzikia mke wake kwa wimbo, na mtu wa namna hiyo humkatalii. Tonton wa Dubai alipopelekewa lile boksi alinuna mwezi mzima. Nilimwuliza Maestro kama ile kadi ya michezo haiwezi kabisa kupokea sauti ya mtu mmoja, wimbo mmoja. Akasema inaweza, lakini vibaya. Nilipaswa kushika neno lile "inaweza" na kumkalia nalo kooni. Sikufanya hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimelelewa kuheshimu, na nilimeza.

Sasa niseme habari ya chumvi, maana hiyo ndiyo iliyowafanya majirani wake wamchukie, na mimi nilikuwa upande wa majirani.

Nyumba yake, kama nyumba nyingi za Kabondo, haikuwa na waya wa ardhi. Umeme wetu wa bwawa la Tshopo ulipanda na kushuka unavyotaka, na kila alipowasha maikrofoni kulikuwa na mngurumo chini ya kila kitu, mzito, usiokoma. Katika magazeti yake alisoma dawa: chimba shimo, simika fimbo ya shaba, shindilia makaa na chumvi kuizunguka, mwagia maji. Kila fundi umeme anajua hivyo. Lakini huo ulikuwa wakati ambao mto umefungwa, mashua hazipandi kutoka Kinshasa, na chumvi Kisangani inauzwa kwa kijiko. Watu walikuwa wanapika sombe, majani ya muhogo, kwa majivu. Nimeona mama akilamba karatasi iliyofungiwa chumvi na kuikunja tena aende nayo nyumbani. Na Maestro alimwomba papa kilo tano, papa akampa, na yeye akazifukia ardhini.

Asubuhi ya pili alikuta shimo limefukuliwa. Majirani wawili, akina mama niliowafahamu, walikuwa wamechota ile chumvi nyeusi ya makaa, wakaiosha kwenye maji, wakayachuja na kuyapikia. Maestro alikwenda nyumba kwa nyumba. Hakugombana. Aliwaeleza, kwa utaratibu uleule wa ubaoni, kwamba umeme una haja ya kwenda mahali, fasi kama tusemavyo huku. Mmoja wa wale mama alimsikiliza mpaka mwisho, mtoto mgongoni, halafu akamwambia, "Maestro, na sisi tuko na haja ya kwenda fasi."

Angeaibika mtu mwingine. Yeye alirudi kwa papa kuomba chumvi tena, na safari hii akachanganya na mavi ya mbuzi ili isilike. Jioni kila siku alilimwagilia lile shimo kwa kopo, kama mtu mwenye bustani ya mchicha. Mngurumo ulipungua. Haukuisha. Alisema bado kidogo.

Wakati huohuo, mtu huyohuyo aliwasaidia wengine kwa akili timamu kabisa. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja wa Mangobo, kijana wa bendi ya harusi, aliyeokota kompyuta mbovu isiyo hata na mfuniko. Alimletea Maestro na kumwuliza abadilishe nini. Maestro alikaa nayo mchana mmoja, akaibana kwa waya, akamwonyesha namna ya kurekodi kwa maikrofoni ya kanda, akamwambia, "Usibadilishe kitu. Piga leo." Alipiga. Kaseti zake zilizagaa sokoni, zinachakacha, ngoma zinasikika kama mtu anayegonga debe, na watu walizicheza mpaka viatu vikatoboka. Nilimwuliza Maestro kwa nini yule ana ruhusa ya kuchakacha. Alinitazama kama nimeuliza hesabu ya darasa la kwanza. Akasema yule anaimba bia na wasichana. Kavira anaimba marehemu.

Alikuwa na ujasiri pia, wa ajabu ajabu, na lazima niuseme. Askari mmoja aliingia kwake akaona kile kioo cha kompyuta, akadhani ni televisheni, akakibeba kichwani. Maestro hakumzuia, mwenye bunduki hazuiwi. Siku ya tatu askari akarudi nacho, amefura kwa hasira: hakionyeshi mpira, hakionyeshi chochote, umenidanganya. Mama Maestro alikuwa tayari amepiga magoti. Maestro akakipokea kioo, akakigeuza nyuma, akamwambia yule askari kwamba hajaleta waya wake, na kioo bila waya hakifai kwake wala kwa serikali.  Yule askari, na nilisimuliwa hili na Mama Maestro mwenyewe, akaenda kambini na kurudi na waya ameuviringa vizuri. Wakati ule nilijiambia kwamba mwanamume aliyeweza kudai waya kutoka kwenye mkono wenye bunduki alishindwa kubonyeza kitufe chekundu mtoto akiimba.

Nimelikwepa jambo moja kwa kurasa hizi zote na sasa nalisema. Nyumbani kwetu, juu ya kabati ya vyombo, kulikuwa na redio ya kaseti. Nzima. Ilirekodi. Papa alitumia kurekodi habari za saa moja asikilize baadaye dukani.

Kavira aliishusha siku moja akaifuta vumbi. "Yaya," akaniambia mimi dada yake, "turekodi na ya papa tu. Koko hatafuti uzuri. Iko nanitafuta mimi."

Tulikuwa na kaseti tupu. Nilisema tumwulize Maestro kwanza, kwa adabu. Tukamwuliza baada ya misa, na alikunja uso namna sijawahi kumwona. Alisema sauti ya namna ile haitupwi kwenye kaseti ya soko, kwamba bibi ataisikia mara moja na kufikiri mjukuu wake anaimba ndani ya debe, na kwamba akisikia tumefanya hivyo tusimwite tena Maestro. Kavira aliinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyerudisha redio juu ya kabati. Nimemkasirikia Maestro miaka yote hii, lakini mikono iliyopandisha ile redio ilikuwa yangu, na hilo nalijua kila siku ninapoamka.

Halafu zikaja siku sita. Watu wa Kisangani wanaziita hivyo tu, hawana haja ya kuongeza. Majeshi mawili ya wageni, ambayo yalikuja pamoja kama marafiki, yaligombania mji usio wao, na mabomu yalipita juu ya vichwa vyetu kutoka upande huu wa mto Tshopo kwenda upande ule. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kata ya Tshopo, katikati. Tulilala chini ya vitanda, papa, Kavira na mimi, marobota ya vitenge yamepangwa dirishani. Siku ya nne maji yaliisha. Kavira aliona kimya kimekuwa kirefu, akachukua bidoo, dumu la maji, akatoka uani, hatua kama kumi na tano. Sitaeleza zaidi. Tulimzika palepale uani, bila kwaya, kwa sababu hakuna aliyeweza kupita barabarani. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Wenye mizinga walirudi kwao. Siwajui majina, sijui nyumba zao, sina mlango wa kugonga. Maestro nilijua mlango wake. Hasira yangu haikuweza kufika mbali, ikaishia Kabondo. Huenda sikumtendea haki, na sijali sana.

Kadi ya pili, ile aliyoitaka, ilifika wiki tatu baada ya mazishi. Papa aliibeba, akaiweka juu ya meza ya Maestro, akaondoka bila kusalimu. Nilikuwepo. Maestro alikaa akitazama lile boksi, na mikono yake aliikalia. Kwa bibi tulituma kitenge alichopenda Kavira badala ya sauti. Niliambiwa alikifunika usoni na kuuliza mara mbili kama hakuna kitu kingine kwenye mzigo. Alifariki kabla ya mwaka kuisha.

Maestro aliimaliza studio yake. Kwaya ilirekodi misa nzima pale sebuleni, na naambiwa hakuna rekodi safi kama ile iliyowahi kutoka Kisangani. Redio za mji ziliipiga Jumapili baada ya Jumapili. Katika ule wimbo ambao Kavira alikuwa akiimba peke yake, Maestro hakumpa mtu mwingine nafasi yake. Aliacha mistari minne, kinanda kitupu. Ilipopigwa kanisani watu walilia sana na kusema ni heshima kubwa. Mimi nilitoka nje. Niliona ni ujeuri, kutuonyesha tundu alilolichimba mwenyewe, tena kwa sauti safi kabisa. Mwaka uliofuata niliolewa Butembo, na sikumwandikia hata salamu.

Mwaka jana nilirudi kuuza nyumba ya papa, ambaye naye ametangulia. Siku ya pili ya kukaa kwangu Maestro alituma mjukuu: anaomba nifike, yeye miguu haimruhusu. Nilikataa. Siku ya tatu nikaenda, asubuhi, nikiwa nimejiandaa kwa maneno ya miaka yote.

Nilimkuta kibarazani, mzee kabisa, amekonda shingo, anafungua spika ya mtu kwa bisibisi. Vijana wa mtaa bado wanamletea vitu. Mama Maestro alikuwa amefariki. Mjukuu alileta chai na mkate, akaingia ndani. Hakuniuliza habari za safari. Aliweka bisibisi chini.

"Masika, niko na neno. Nimelibeba muda mrefu, sitaki kukufa nalo." Alisema polepole, Kiswahili chake chote cha Kisangani, hakuna ubao. "Kavira alikujaka hapa peke yake. Ile mwaka ya mashini. Wewe ulikuwa mu duka ya papa."

Nilikaa.

Alisema ilikuwa baada ya kutoboa ukuta, kabla ya chumvi. Kavira alimwomba amjaribishe, tu ajaribu maikrofoni, na wasiniambie, kwa sababu alitaka mimi na bibi tusikie siku moja. Akasimama sebuleni, akafumba macho, na badala ya kuhesabu moja mbili kama mtu anayejaribu mashini, akaimba. Wimbo wote. Maestro alirekodi.

Nilimwuliza kama alimaliza. 

"Alimaliza. Beti ine. Hakukosea fasi hata moja. Nilisikiliza mara tatu, kisha nikafuta."

Nikamwuliza kwa nini. Nilijua jibu, lakini nilitaka litoke mdomoni mwake.

"Iliunguruma," akasema.

Nilimwuliza kama diski ilikuwa imejaa. Akasema hapana, nafasi ilikuwepo, nafasi nyingi. Alifuta kwa sababu hakutaka mtu aje aisikie na kusema hii ni kazi ya Maestro. Alimwambia Kavira arudi baadaye, waya wa ardhi ukiwa tayari. Kavira alisema, sawa, Maestro, nitarudi.

Maneno yote niliyoyaandaa yalikuwa ya kumlaumu mtu aliyechelewa. Huyu hakuchelewa. Alikuwa na sauti ile mkononi. Nilisimama, kikombe kikaanguka, na nikamwambia kwamba ningeusikiliza ule mngurumo mpaka nife, kwamba bibi angeubeba kifuani, kwamba tungeuzoea, tungeupenda, tungedhani ni mto unapita nyuma ya mtoto. Nilimwambia kwamba hakuna aliyewahi kumwomba kazi ya Maestro. Tulimwomba Kavira. Nilisema mengine pia ambayo mtu haambii mzee, na mjukuu alitoka akasimama mlangoni.

Maestro hakujitetea. Aliniomba msamaha, kwa maneno machache, akitazama miguu yangu. Nikasema hapana. Nilishika njia kuelekea barabarani, nikapita shimo la zamani la chumvi ambalo majani yamelifunika, na pale ndipo nilipoelewa, na nikazidi kukasirika kwa kuelewa, kwamba mtu pekee aliye hai aliyeisikia rekodi ile ni yule mzee, na alikuwa ameisikia mara tatu, kwa masikio yale.

Nikarudi mpaka kwenye ngazi. Nikamwambia kesho asubuhi nitakuja tena, na keshokutwa, na ataniambia ubeti baada ya ubeti: alipovuta pumzi, alipopunguza, neno gani alilirefusha kidogo kuliko kawaida. Nitaandika yote. Na asithubutu kufa kabla hatujamaliza.

"Njoo mapema," akasema. "Ubeti ya kwanza iko murefu."